Dalili za Mvua Nyuma ya Jiko

Ukifika Ikinga, huku kwetu Ileje, ukauliza kwa mzee Yesaya, utaelekezwa na yeyote utakayekutana naye, ingawa mzee mwenyewe alishafariki. Ukiuliza kwa Aliko, mwanawe, utaelekezwa pia, ila watacheka kwanza. Aliko ndiye mimi.

Marehemu baba alikuwa mtu wa dalili. Kila mwaka, baridi ikishakatika na moshi wa mashamba yanayochomwa ukaanza kupungua milimani, watu walikuwa wanampitia kumuuliza lini wapande. Hakuwa msemaji. Alikuwa anatoka uani, anatazama upande wa Malawi, anatazama miti, ananusa hewa, kisha anasema, "Bado." Watu wanarudi makwao. Halafu siku moja, baada ya kunusa vilevile, anasema, "Haya," na asubuhi yake majembe yanatoka kila nyumba. Wanasema hakukosea hata mara moja. Nimekua nikiambiwa hivyo, nimeoa nikiambiwa hivyo, na sasa nina mvi na bado naambiwa hivyo.

Alipofariki hakuna kikao kilichoitishwa. Majira yalipofika, jirani mmoja alipita tu akasimama uani, akasema, "Aliko, unaonaje?" Ningekuwa na akili timamu ningemjibu kwamba sijui. Badala yake nilitoka nje, nikakunja uso, nikatazama upande wa Malawi, nikanusa. Nilichonusa ni banda la mbuzi. Nikasema, "Bado." Yule jirani akaondoka ameridhika kabisa, nami nikarudi ndani kichwa kimevimba. Mke wangu Sekela akaniuliza nimeona nini huko nje. Nikamwambia mambo haya hayaelezeki. Tangu siku hiyo kazi ikawa yangu.

Tatizo ni kwamba sikurithi pua ya baba. Nilirithi koti lake na magoti yake mabovu. Dalili zenyewe nazijua, naweza kukutajia mpaka usinzie. Wa kwanza kuamka ni mfyulisi. Wewe bado una sweta mwilini, matawi yake bado makavu, mara asubuhi moja unaukuta umejaa maua ya waridi bila jani hata moja. Baadaye miti ya porini inatoa majani mapya, mekundu, na kwa mbali mlima mzima unaonekana umeota kutu. Kisha linakuja joto, kisha visulisuli vinavyozoa vumbi pamoja na nguo za watu kwenye kamba. Mbayuwayu wanarudi, sisimizi wanahamisha mayai, ndege dudumizi analia bondeni. Mwisho kabisa ni kahawa. Kahawa hukaa na maua yake yamefumba, madogo, ya kijani, inasubiri maji. Ikipata mvua ya kwanza, hata iwe kidogo, baada ya siku chache shamba zima linakuwa jeupe na harufu yake inakufuata mpaka barabarani. Baba aliiamini kahawa kuliko vyote. Alikuwa anasema ndege anaweza kulia kwa shida zake mwenyewe, lakini kahawa haiwezi kuchanua bila maji. Maneno hayo nilipaswa kuyasikiliza vizuri zaidi.

Mwaka jana nilimwamini dudumizi. Alilia asubuhi mpaka jioni, nikasema, "Haya." Watu wakapanda kwenye vumbi, maana ndivyo tunavyofanya huku, mbegu inatangulia ardhini kuisubiri mvua. Yakaja manyunyu, ya kutosha kuiamsha mbegu lakini si ya kuilea. Miche ikachungulia, jua likaikausha yote. Wengi walirudia kwa mbegu za dukani kutoka Itumba, wakanisema weee, wakachoka, yakaisha. Aliyeumia ni mama Atuganile.

Mama Atuganile ni mjane, mtu mzima sana, nyumba yake iko chini kwenye kijito. Yeye hapandi mbegu za dukani. Anapanda mahindi aliyopewa na mama mkwe wake alipoolewa: mafupi, punje nyeupe zenye michirizi ya rangi ya damu ya mzee. Zamani kila nyumba ya hapa ilikuwa nayo, hata mama yangu alikuwa nayo, na ugali wake mpaka leo naukumbuka. Sasa wote tumehamia kwenye mbegu za pakiti, na yale yamebaki kwake peke yake, yananing'inia jikoni juu ya moto, meusi kwa moshi, ili yasibunguliwe. Mwaka jana alipanda karibu yote kwa neno langu. Yalipokauka nilimfuata kumwomba radhi. Alinisikiliza, akanipa kiti, akarudia kwa mahindi machache aliyokuwa amebakiza, na mavuno yake yakawa ya kapu moja dogo. Mwaka huu alinionyesha kwa kidole yaliyoning'inia juu ya moto akasema, "Haya yakipotea, mwanangu, basi tena." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua namna ya kujibu.

Kwa hiyo mwaka huu niliapa sitafungua mdomo mpaka kahawa iseme.

Mwezi wa tisa binti yetu Diana alikuja kutoka Itaka alikoolewa, kujifungua mtoto wake wa kwanza nyumbani kwa mama yake, kama ilivyo kawaida. Akajifungua salama mtoto wa kiume, wakampa jina la baba yangu, Yesaya. Nilifurahi mpaka nikalia, na sioni aibu kulisema hilo kwa sababu mambo ya kuonea aibu yanakuja. Basi nyuma ya jiko pakawa pa wanawake. Huko ndiko mzazi anakoogea, ndiko vitambaa vyake vinakoanikwa, na mwanaume mwenye adabu zake hapiti. Mimi nikawa mtu wa ua wa mbele. Bustani yangu yote iko nyuma, pamoja na mistari michache ya kahawa ambayo baba aliipanda karibu na jiko, na kwa wiki kadhaa sikuiona kabisa.

Siku moja nimekaa mbele nachonga mpini wa jembe, harufu ikanipitia puani. Nikaacha kuchonga. Nikanusa tena. Safari hii haikuwa banda la mbuzi, ilikuwa kahawa. Nikanyanyuka, nikakohoa kwa nguvu ili kama kuna mtu ajisitiri, nikasikia Diana na mama yake wanaongea ndani na mtoto, nikazunguka nyuma ya jiko.

Kahawa ya baba ilikuwa nyeupe pee. Nyuki wanavuma juu yake, chini yake nyasi mbichi zimeota, laini, za kijani ambayo macho yangu yalikuwa yameisahau tangu mwezi wa tano. Nikainama. Sisimizi wanahama, msururu mrefu, kila mmoja na yai lake. Na kwenye kale kamfereji kanakopita katikati ya kahawa, chura analia mchana kweupe. Nilivua kofia. Sikumbuki kama niliomba au nilisimama tu, ila najua niliisikia sauti ya baba kabisa ikisema, "Haya."

Mtu mwenye akili angejiuliza, mvua gani hiyo? Nami nilijiuliza, sikatai. Nikajijibu kwamba itakuwa ilinyesha nimelala, maana Sekela anasema mimi nikilala hata nyumba ikibebwa nitaamkia palepale. Halafu milima yetu inajulikana, mvua inaweza kunyesha kwa mtu mmoja ikamruka jirani. Nikaona mwaka huu imeamua kuanzia kwangu, nyuma ya jiko langu, kwenye kahawa ya baba yangu, na kwamba hilo haliwezi kuwa bure. Shamba letu kubwa la kahawa liko juu mlimani, na njia yake ni ya kupanda tu. Kwa magoti haya sikuona haja ya kwenda kuangalia.

Kanisani kwetu siku hizi kuna Jumapili ya kubariki mbegu. Kila nyumba inaleta mbegu yake, mchungaji anaiombea, na kabla ya hapo hakuna anayepanda. Mchungaji Lusubilo ni mgeni huku, lakini alishaambiwa na aliyemtangulia kwamba kuhusu Jumapili hiyo anaulizwa mtu wa nyumba ya Yesaya. Akaja kuniuliza. Nikatoka naye uani, nikatazama upande wa Malawi kwa heshima tu, maana jibu nilikuwa nalo tayari.

"Jumapili hii, mchungaji," nikasema. "Haya."

Siku hiyo kanisa lilijaa mabeseni, madebe, nyungo, na mifuko ya pakiti iliyofunguliwa mdomo. Mama Atuganile alikuja na kikapu chake kimefunikwa kitambaa cheupe, akakiweka pembeni kabisa, kana kwamba anaogopa kisikanyagwe. Mchungaji alinikaribisha niseme neno moja. Nilisema mengi. Nilisema kahawa imechanua. Nilisema sisimizi wamehama. Nilimtaja mpaka chura. Nilieleza jinsi marehemu baba alivyonifundisha, jambo ambalo si kweli, kwa sababu baba hakunifundisha, mimi nilikuwa namchungulia tu. Hakuna aliyeniuliza hiyo kahawa ni ya wapi, nami sikuona sababu ya kutoa anwani. Sekela peke yake angeweza kuniuliza, na Sekela alikuwa amebaki nyumbani na mzazi.

Nje ya kanisa mama Atuganile alinishika mkono.

"Kwa hiyo ni kesho, Aliko?"

"Kesho, mama."

"Nipande nusu, nusu nibakize?"

Hapo Mungu alinipa mlango wa kutokea, mpana kabisa, nikaupita bila kuuona.

"Panda yote, mama. Mwaka huu kahawa imesema."

Jumatatu Ikinga nzima ilipanda. Nami nilipanda shamba letu, naimba. Jumanne asubuhi nimejilaza kwenye kiti uani, nimeridhika na maisha, Sekela akaniita kutoka nyuma ya jiko.

"Baba Diana! Niletee sabuni, nimeisahau dirishani!"

Nikamletea. Nilimkuta ameinama juu ya mabeseni, nepi za mjukuu zimejaa kamba nzima, nyeupe, zinapepea. Alichukua sabuni bila kunitazama, akanyanyua beseni la maji aliyosuuzia, akalimwaga. Yale maji yakateremka taratibu, yakaingia kwenye kamfereji, yakaenda moja kwa moja mpaka kwenye kahawa ya baba. Chura akaruka pembeni kuyapisha. Ni wazi walikuwa wanafahamiana.

Nilisimama pale mpaka Sekela akageuka.

"Vipi tena?"

"Mama Diana, kumbe maji unamwaga hapo?"

"Nimwage wapi, kichwani kwako?"

"Tangu lini?"

"Tangu mjukuu wako alipoanza kukojoa." Akanitazama vizuri, mikono kiunoni, povu linamdondoka. "Baba Diana. Ile kahawa uliyoisema kanisani, niliyoambiwa na watu kwamba imechanua, ni ya mlimani au ni hii?"

Niliangalia chini. Nyasi mbichi ziliota pale tu maji yalipopita, hatua moja pembeni ni vumbi tupu. Sisimizi walikuwa bado wanahama, na kwa nini wasihame, nyumba yao inafurikishwa kila asubuhi. Majira mazima niliyoyatangaza mbele ya kanisa yalikuwa yanaanzia kwenye beseni la Sekela na kuishia kwenye mti wa mwisho wa kahawa. Yesaya mkubwa alisoma dalili za mvua, Yesaya mdogo alizikojoa, na mimi wa katikati nilitoa mahubiri.

Sekela alikaa chini kwenye jiwe la kufulia akacheka. Alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, halafu ghafla akanyamaza.

"Mama Atuganile," alisema.

"Najua."

Sikwenda kwake moja kwa moja, nasema kweli. Nilipanda kwanza mlimani, kwa magoti yaleyale yaliyoshindwa wiki iliyopita, nikiwa na tumaini kwamba huenda na kule imechanua. Kahawa ya kule ilikuwa imefumba kila ua, majani yamekunjamana, vumbi juu yake unaweza kuandika jina. Nikakaa chini. Mbegu ikilala muda mrefu kwenye vumbi, panya wanaijua, mchwa wanaijua, kuku wanaijua. Manyunyu ya uongo yakija yanaiamsha ife. Wenzangu wangerudi dukani. Yeye hana duka la kurudi. Nilifikiria kunyamaza na kuomba. Nilifikiria pia kwenda Tunduma kwa shemeji nikae huko mpaka mambo yapoe, na nikaanza kabisa kupanga nguo za kubeba.

Niliposhuka barabarani nikakutana na Gibson, kijana wa pikipiki anayeleta mizigo kutoka Tunduma. Gibson ana wateja wengi wa upande wa Zambia na salamu zao amezileta mpaka huku, mimi ananiita babu kwa lugha yao.

"Mulishani, bashikulu!" akapiga breki. "Mtaalamu wa hali ya hewa!"

"Bwino," nikajibu, moyo haupo.

Akatoa simu akanionyesha majua yaliyopangwa kwenye kioo. "Simu inasema jua tupu wiki nzima, mzee. Ila nimewaambia wana, simu haijui kahawa ya mzee Aliko."

"Gibson, nipeleke kwa mama Atuganile."

"Yupo shambani kwake, nimemwona sasa hivi. Anafukuza kuku." Akaniangalia. "Mzee, kuna tatizo?"

"Washa pikipiki," nikamwambia.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa shamba, fimbo mkononi, jembe pembeni yake. Shamba lilikuwa limepandwa lote, mashimo yamefukiwa kwa mstari ulionyooka, maana yeye bado hutumia kamba. Nikamwamkia. Nikabaki nimesimama, kofia mikononi, nikatafuta pa kuanzia.

"Mama, ile kahawa haikuchanua kwa mvua."

"Imechanua kwa nini?"

"Kwa nepi."

Ilibidi nieleze yote, beseni, mfereji, chura, mpaka sisimizi. Hakunisaidia hata kwa neno moja. Nilipomaliza alitazama shamba lake, mstari kwa mstari. Niliogopa kumtazama usoni. Nilikuwa radhi anitukane, anipige na ile fimbo, lakini asianze kulia.

"Umenipandisha jana," alisema mwishowe, "leo unanifukulisha."

"Nitafukua mimi, mama. Wewe kaa."

"Wewe utazikata kwa jembe. Tumia vidole."

Basi nikapiga magoti. Yale magoti ya baba yalilia, nikayaacha yalie. Unafuata mstari, unachimbua vumbi kwa vidole, unazitafuta punje, unazipuliza, unazitia kapuni. Mashimo mengine mchwa walishatangulia, nikakuta ganda tupu, na kila ganda lilinichoma. Mama Atuganile alishindwa kukaa, akaanza mstari wa pili. Baadaye akaja Sekela, nyuma yake Diana na mtoto mgongoni, nao bila kuniuliza wakainama. Habari ilikuwa imeshapanda kilima, sijui nani aliipeleka, ingawa niliusikia ule mlio wa pikipiki ukizunguka kila kitongoji. Waliokuwa wanapita njiani walisimama kutuangalia.

"Mmeshaanza kuvuna?" mmoja akauliza.

"Mwaka huu imewahi!" mwingine akamjibu.

Nilicheka nao, kwa sababu kingine cha kufanya sikuwa nacho. Mashamba mengine hakuna aliyehangaika kufukua. Walisema wameshazoea, mbegu ya dukani wataiacha ilale na bahati yake.

Mchana jua lilikuwa kali mpaka hewa ikawa inacheza machoni. Tulipofika mstari wa mwisho kikapu kilikuwa kimekaribia ujazo wake wa kwanza. Si wote, lakini ulikuwa karibu. Sekela na Diana wakarudi kumwogesha mtoto. Mimi nikabeba kikapu mpaka jikoni kwa mama Atuganile, nikakaa nacho mapajani, nachambua mchanga kwenye mbegu, punje kwa punje. Yeye alikuwa mlangoni ananawa mikono. Kupitia mlango ule, juu ya milima ya Malawi, niliona wingu. Lilikuwa jeusi kwa chini. Nikageuza macho haraka nikaendelea kuchambua. Nilikuwa nimekoma.

Lakini naye alikuwa ameliona. Akalitazama, akanitazama mimi, na kwa sauti ileile ya miaka yote, akauliza, "Aliko, unaonaje?"

Nilifikiria kutoka nje. Nilifikiria kunusa.

"Sijui, mama," nikasema. "Sijawahi kujua."

Tone la kwanza liligonga bati kabla sijafunga mdomo. Likaja la pili, yakaja mengine, halafu bati zima likaunguruma mpaka tukawa hatusikilizani. Haikuwa manyunyu. Ilikuwa mvua ya kupandia, nzito, iliyonyooka, inayoingia ardhini bila papara, na ile harufu ya vumbi lililolowa ikajaa jikoni. Mbegu za Ikinga nzima zilikuwa ardhini zinakunywa. Za mama Atuganile zilikuwa mapajani kwangu, kavu, zimechambuliwa vizuri.

Nilikuwa nimepatia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimesema "Haya" siku inayotakiwa, na nilikuwa nimetumia mchana kutwa kwa magoti kulifuta.

Mama Atuganile alinitazama mimi, akatazama kikapu, akatazama mvua. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Alijaribu kusema kitu akashindwa, akaishia kunionyesha kikapu kwa kidole, akaanza upya. Sikuwahi kumwona anacheka hivyo. Mimi nilibaki nimekumbatia mbegu yake, na kusema kweli nilikuwa naogopa kuiweka chini.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika, ardhi nyeusi, imelainika. Nilifika kwake mapema na mpini wangu mpya, peke yangu, maana kazi hiyo sikutaka kusaidiwa. Kumbikumbi walikuwa wanatoka ardhini, kuku wamechanganyikiwa hawajui wakimbilie wapi. Mama Atuganile alikuwa ameshafunga kamba upande wake. Kabla sijashika upande wangu nikaona bora niulize swali ambalo lilikuwa limeninyima raha usiku kucha.

"Mama, mwaka jana nilikukosesha. Mwaka huu nimekukosesha mara mbili ndani ya wiki moja. Kwa nini huwa unaniuliza mimi?"

Alivuta kamba, akaikaza.

"Niliolewa hapa mwaka ambao baba yako alisema 'Haya,'" alisema, "tukapanda wote, na mvua haikuja."

"Baba?"

"Baba yako. Nilikuwa na mimba ya Lusajo wangu. Tulikula mpaka mizizi." Alisema kama mtu anayetaja jambo la jirani. "Sikumlaumu kwa kukosea. Mvua si yake. Lakini nyumba yetu iko njiani, na kila siku alikuwa anapita hapa akienda shambani. Mwaka ule akaanza kupita njia ya juu. Alipita huko hata baada ya sisi kuvuna hicho kidogo tulichopata. Hakuja hata siku moja kusema, jamani, nimewakosesha. Ni mtu wa heshima, nani angemwambia? Tukanyamaza, na miaka ikipita watu wakaanza kusema hakuwahi kukosea."

Nilisimama na upande wangu wa kamba mkononi. Nilimwonea baba huruma, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria maishani. Nikaiona ile njia ya juu, ambayo siku hizi imeota vichaka na ambayo siku zote nilidhani aliipenda kwa sababu ya upepo.

"Wewe ni bingwa wa kukosea," mama Atuganile aliendelea. "Lakini mwaka jana ulikuja ukakaa jikoni kwangu, na jana umekuja ukapiga magoti. Mtu akinikosesha halafu akaja tukafukua naye, huyo mwaka ujao nitamuuliza tena. Sasa shika kamba vizuri, inapinda."

Nikaishika vizuri. Nilitaka kumshukuru, lakini mkono mmoja ulikuwa na jembe na mwingine kamba, kwa hiyo hata kofia sikuweza kuvua. Nikajikuta nimeinua uso, natazama upande wa Malawi, kwa mazoea.

"Na usinuse," alisema. Akatia mkono kapuni, akachukua mbegu za shimo la kwanza, akanipa.

"Haya," akasema.

Nikapanda.